Boila Iliyoniita Florentin

Boila iliniita jina. Mchana kweupe, hapa Kindu, mwaka wa sabini na tano.

Cheka kwanza. Ukimaliza, kaa usome.

Enzi zile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Florentin nikamzika mwenyewe, nikawa Citoyen Kalonda, yaani raia Kalonda. Jirani yangu alijisahau akaitika "Henri" mbele ya watu wa chama tawala, akalala kasho, jela yao, siku nne.

Basi nikaitwa kutengeneza boila kwenye nyumba ya wageni wa serikali, zamani ilikuwa ya mzungu. Mkubwa mmoja alikuwa anafika saa kumi na moja jioni, anataka kuoga maji moto. Kwa joto hili la Kindu, yeye maji moto.

Msimamizi wa nyumba, Citoyen Sumaili, alinipokea na beji ya chama kifuani.

"Isipowaka, weye njo utaenda kasho. Si mimi."

Saa tatu asubuhi nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Wapi.

Nikafungua bomba chini ya boila. Yakatoka maji kikombe kimoja hivi, halafu hewa tupu. Halafu sauti, ndani ya bomba, mbali.

"Florentin."

Nikaliachia bomba.

"Florentin."

Sumaili naye alisikia.

"Florentin njo nani?"

"Sijui, citoyen."

"Si weye?"

"Mimi ni Kalonda."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Basi ni muzungu wa nyumba. Alifia humu humu. Anaita boy yake. Usiitike."

Kwetu mtoto anafundishwa mapema: sauti usiyemwona mwenyewe wake, usiiitikie. Nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza, na zote mbili zilikuwa uoga.

Sasa sikia upumbavu wangu. Boila ya namna ile isipopata maji haiwaki, iko na kinga ndani. Unafuata maji hadi kwenye tanki, juu ya plafo, yaani dari, chini ya mabati. Nilijua vizuri. Lakini sauti ilitoka huko huko. Nikafunga bomba nisisikie, nikaanza kufungua nyaya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Nilifungua na kufunga, jasho linanitoka. Sauti bado ilipita kwenye chuma, kidogo kidogo. Karibu na saa sita ikanyamaza.

Nikamshukuru Mungu. Kweli kabisa, nilimshukuru.

Saa saba akafika getini mama Euphrasie, mke wa mzee Édouard, fundi aliyenifundisha kazi toka nikiwa kijana. Mikononi sahani imefungwa kitambaa.

"Mzee wangu iko wapi? Nimemuletea chakula."

"Hapa hayupo, mama."

"Iko hapa. Alitoka alfajiri, akasema atapitia nyuma. Alitaka kukusafishia tanki kabla hujafika, usipate matatizo na hawa watu."

Mzee Édouard alikuwa mtu pekee mjini aliyekataa kutuita majina mapya.

Nikapanda ngazi.

Alikuwa amelala kando ya tanki, mguu umenasa kati ya mbao mbili zilizovunjika. Bomba linaloshuka hadi kwenye boila alikuwa amelifungua ili asafishe tanki, na mdomo wa bomba ulikuwa wazi karibu na uso wake. Joto la chini ya mabati ya Kindu saa sita mchana mnalijua. Mwili ulikuwa bado una joto, lakini roho ilikuwa imeshatoka.

Tulimshusha. Kisha, mnisamehe, nikapanda tena nikaunga bomba. Boila ikawaka palepale. Mkubwa akaoga, akasema maji mazuri. Sumaili akanipa mkono.

Kwenye matanga Euphrasie aliniketisha karibu naye.

"Mwanangu, weye ulikuwa pale chini. Hakuita?"

"Hapana, mama."

Akapumua. "Basi alikufa mara moja. Hakuteseka." Kila aliyekuja kutoa pole akaambiwa hivyo hivyo, na mimi nimekaa pembeni, naitikia kwa kichwa.

Mama yule ameshafariki, akiamini maneno yangu. Leo njo mara ya kwanza ninasema ukweli.

Ndugu yangu, ukiitwa, itika. Kama ni shetani, utamkimbia baadaye. Kama ni mtu, hana muda wa kungoja uoga wako uishe.