Barua ya Mistari Miwili

Karani mstaafu alichoka hata kope zilimlemea. Miaka tisa alimsomea jirani yake, bibi asiyejua kusoma, barua za mwanawe. Kijana huandika mistari miwili mikavu, karani huitia chumvi, kisha jioni hutubu kwenye sala. Leo nguvu za kudanganya zilimwishia. Akasoma: "Mama, mimi mzima. Kwaheri."

"Ndiyo yote, kaka?"

"Ndiyo yote, dada. Yale mengine nilitunga mimi. Nisamehe."

Bibi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Nilijua zamani! Mwanangu huyo hata salamu humtoka kwa kuvutwa. Maadamu ni mzima, moyo umetulia. Sasa niambie, yule mamba wako wa barua iliyopita, aliyeumwa meno, alipona?"

Karani akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu. "Aling'olewa mawili," akasema.