Lorraine, Karani wa Foleni Anayengoja Kuitwa

Saa nne na nusu asubuhi, Lorraine Thackray ameinamia beseni la viazi nyuma ya duka la samaki na chipsi mjini Keighley, kaskazini mwa Uingereza. Mashine imeshamenya. Kazi yake ni kutoa vidoa vyeusi kwa kisu kidogo, kiazi baada ya kiazi, na vidole vyake vimekuwa vyekundu kwa maji baridi.

Leo mkono unakwenda mbio kuliko siku zote. Kila akimaliza ndoo anaitazama saa ya ukutani, na mwenye duka, ambaye amemzoea, anajifanya haoni.

"Nikiikosa treni ya saa tano na nusu, yule mtoto atanitangulia," anasema. "Na leo ndiyo onyesho la mwisho la mwaka. Akinitangulia leo, kipenzi, sijui nitafanya nini."

Yule mtoto ana miaka ishirini na sita. Anaitwa Femke na anatoka Utrecht, Uholanzi, ng'ambo ya bahari. Kosa lake ni moja tu: anaipenda bendi anayoipenda Lorraine.

Bendi yenyewe inaitwa Wizara ya Unyevunyevu. Ni wanaume watatu na mwanamke mmoja, wote wamevuka sitini, wote wamevaa suti za ofisini zilizopauka. Wanapiga panki ya kisanii, ule muziki wa gitaa na kelele wa vijana waliosoma vyuo vya sanaa wakaamua kuwa kuimba vizuri ni aibu. Mwimbaji, Clive Ormerod, huketi jukwaani nyuma ya meza ya karani, husoma fomu kwa kupayuka, na hupiga kabati la mafaili kwa nyundo. Wasioelewa huziba masikio. Wanaoelewa hupanda treni.

Lorraine ameipandia treni bendi hii mara mia mbili na kumi. Alianza mwaka 1988, akiwa na miaka ishirini na miwili na kazi katika kiwanda cha sufu. Kiwanda kilifungwa, akahamia kwenye viazi. Sasa analipwa pauni kumi na mbili kwa saa, nguo zake ni za mitumba, na anasa yake ni nauli.

Mume alikuwepo. Barry aliondoka mwaka 1997 baada ya kumtaka achague kati yake na Wizara. Lorraine anasema swali lenyewe si baya, ubaya ni saa aliyochagua kuliuliza. "Aliniuliza siku ya onyesho. Mtu mzima na akili zake anauliza siku ya onyesho?"

Mashabiki wa Wizara hawajipangi ovyo mlangoni kama mashabiki wengine. Wana daftari na mhuri. Kila anayefika huandikwa jina na saa, kisha hugongwa namba nyuma ya kiganja kwa wino wa zambarau. Namba ndiyo nafasi yako milango ikifunguliwa, na wenye namba ndogo ndio wanaokumbatia chuma cha kizuizi mbele ya jukwaa, chini kabisa ya meza ya Clive.

Utaratibu huo aliubuni Lorraine mwenyewe mwaka 1991, baada ya watu kupigana makonde foleni ya Sheffield. Sheria zake ni chache. Anayetaka kutoka foleni aache kitu chake na arudi ndani ya saa moja. Akipitisha saa moja anafutwa kwa wino mwekundu na kwenda mwisho. Miaka thelathini na mitatu Lorraine ndiye karani wa daftari, na miaka yote hiyo namba moja imekuwa yake.

Lakini kuna kitu ambacho namba moja haijampa. Katikati ya kila onyesho Clive hugonga meza, husema "Anayefuata," kisha hutaja jina la mtu mmoja aliye mbele. Huyo ndiye anayehudumiwa na Wizara siku hiyo, na wimbo uitwao Fomu Namba Saba huimbwa kwa ajili yake. Ukiitwa umeitwa. Watu huja kuoneshana picha zake hata kwenye mazishi.

Lorraine hajawahi kuitwa. Ameitwa rafiki yake Keith Sugden, fundi gesi mstaafu, tena mara mbili. Aliitwa mlevi mmoja ambaye aliingia kimakosa akidhani kuna mchezo wa bingo, akawa anajitambulisha kwa kila mtu. Kisha mwezi Machi, mjini Glasgow, akaitwa Femke, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza mwaka mmoja kwenye foleni.

"Nilipiga makofi," anasema Lorraine. "Mikono ilikuwa inapiga makofi. Moyo ulikuwa unatukana."

Saa saba kasoro dakika kumi anashuka Huddersfield, mji wa onyesho, na mfuko wa chipsi kifuani. Kila onyesho huiletea bendi chipsi, na kila mara zinafika zimepoa. Huzikabidhi mlango wa pembeni kwa jamaa wa vyombo, ambaye husema asante Mama Chipsi, na mlango hufungwa.

Anakata kona ya ukumbi na hatua zinamwishia. Femke yupo. Ameegemea mlango chini ya mwavuli mkubwa wa kijani, na amekuwepo tangu saa mbili asubuhi. Anapomwona Lorraine uso wote unachangamka, anakuja kumkumbatia.

Jambo hili Lorraine anataka liandikwe vizuri. Mtoto yule hakujipa namba. Alikaa saa tano kwenye baridi akimsubiri karani aje amwandikishe, kwa sababu ndivyo sheria inavyosema. Lorraine akafungua daftari, akaandika, akagonga moja kwenye mkono wa Femke. Kwenye mkono wake mwenyewe akagonga mbili, kwa mara ya kwanza tangu daftari lianze.

Keith, aliyekuwa wa tatu, akamuuliza mbona anagonga mhuri kama anayeua mende.

"Angekuwa na kiburi ningepumzika," anasema Lorraine. "Ningemchukia mchana kweupe. Lakini ni mwema. Anakumbuka nilikuwa naumwa goti. Anayajua maneno ya nyimbo ambazo mimi nimekuwa nikizibabaisha tangu hajazaliwa. Sasa mtu kama huyo unamfanya nini?"

Saa nane mvua inaanza, ile nyembamba ya huko, isiyokuwa na mwisho. Watu wamefika kumi na mmoja. Femke anasema anakwenda kuwanunulia wote chai, na kabla ya kuondoka anamtia Lorraine mwavuli mkononi. Mwavuli unakuwa kitu chake alichoacha, kama sheria inavyotaka. "Ushike wewe," anamwambia, "utalowa." Lorraine anaandika saa: nane na dakika ishirini.

Mkahawa wa jirani umefungwa. Femke anaonekana akipanda kilima kuelekea stesheni, kofia ya koti kichwani, na anapotea.

Robo saa inapita, kisha nusu. Foleni inakua. Lorraine anawagonga wapya mhuri, lakini jicho liko kwenye saa yake ya mkononi. Ilipofika saa tisa na robo, anakiri, alikuwa anaomba. Hakuwa anaomba yule binti arudi.

Saa tisa na dakika ishirini kamili, akatoa kalamu nyekundu. Keith akamwambia kwa sauti ya chini amwache, mtoto kaenda kututafutia chai, nani atasema? Lorraine akamjibu kwamba sheria ni ya wote. Akaweka rula, akachora mstari juu ya jina la Femke, polepole, unyooke. Mwavuli wa Femke, ukiwa wazi, alikuwa ameubana kwapani ili wino usilowe.

Femke akatokea saa tisa na dakika ishirini na nne. Alikuwa amebeba vikombe kumi na kimoja kwenye boksi la mkate, nywele zimemganda usoni kwa mvua. Akaanza na Lorraine. Maziwa kidogo, bila sukari, kama anavyopenda. Kisha akaona daftari.

Hakubisha. Alisoma mstari, akasoma saa, akatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyeoneshwa hesabu aliyokosea. Akamaliza kugawa chai, akaenda mwisho wa foleni kugongwa namba ishirini na nne. Mwavuli hakuuomba.

"Ile chai nilikunywa," anasema Lorraine. "Usiniulize ilikuwaje. Niliinywa yote."

Milango inafunguliwa saa moja jioni. Lorraine anakwenda moja kwa moja kwenye chuma, katikati, mahali pake. Kwenye kiganja kuna namba moja mpya juu ya mbili iliyofutwa kwa mate, na wino umesambaa mpaka kwenye vifundo. Ukumbi unajaa watu mia tatu. Wizara wanaingia na mikoba yao, wanatundika makoti, na kabati la mafaili linapokea nyundo ya kwanza.

Anasema alikuwa na furaha kwa nyimbo sita. Wimbo wa saba Clive akakaa, akavaa miwani, akagonga meza.

"Anayefuata," akasema. Akatazama chini kwenye chuma, kushoto, kulia, tena kushoto. "Femke. Femke hajaja leo?"

Lorraine alikuwa mbele yake, hatua tatu hazifiki. Angeweza kukaa kimya. Clive angetaja mwingine, na mwingine aliye karibu zaidi alikuwa yeye. Anasema aliyahesabu hayo yote kwa kasi ya ajabu, na bado mdomo ukafunguka.

"Yuko nyuma," akasema. "Mimi ndiye niliyemfuta."

Clive akainama juu ya meza na kipaza sauti. Akauliza kwa nini, kwa ile sauti yake ya ofisini, kama anayejaza fomu.

"Wivu," akasema Lorraine.

Watu mia tatu wakaangua kicheko. Keith anasema hajawahi kuona mwanamke amekuwa mwekundu vile, hata jikoni kwenye mafuta ya chipsi. Clive hakucheka. Alichukua kalamu, akavuta karatasi.

"Mama Chipsi," akasema, "jina lako kamili nani?"

Hapo Lorraine anakatiza simulizi. Anafuta meza ya jiko ambayo haina uchafu. Miaka thelathini na sita amekuwa hatua tatu kutoka kwa mtu yule, amempikia, amemwekea foleni utaratibu, ameachwa na mume, na mtu yule hakuwa anajua jina lake. Hakumnyima kuitwa. Jina hakuwa nalo.

"Niliumia kuliko Glasgow," anasema. "Halafu hapo hapo nikamtajia, maana ndiyo alikuwa ameniuliza."

Clive aliandika. Akamuuliza amekaa foleni muda gani. Akaambiwa miaka thelathini na sita, na akaliandika hilo pia bila kunyanyua uso. Kisha akainua nyundo na kutangaza kwamba Wizara imewapokea Femke na Lorraine, na Fomu Namba Saba ikaanza.

Watu walimpitisha Femke mbele, bega kwa bega, mpaka akafika kwenye chuma. Lorraine alisogea. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akisogea. Waliimba wimbo wote wameshikana mikono, Femke akilia, Lorraine akibabaisha maneno. Kwenye viganja vyao, moja na ishirini na nne.

Alipoulizwa kama sasa moyo umetulia, baada ya kuitwa, aliangalia pembeni.

"Alimtaja yeye kwanza," alisema.

Wiki tatu baadaye viazi ni vile vile na beseni ni lile lile, ila kwenye mfuko wa aproni kuna kitu anachokitoa kila akipata nafasi. Ni pasipoti, ya kwanza katika maisha yake. Mwezi Aprili Wizara wanapiga Utrecht, na Femke amemwalika alale kwao. Mama yake Femke ameahidi kupika supu ya njegere na ameshauliza kama mgeni anakula nyama ya nguruwe. Mwavuli wa kijani unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka, ukingoja kurudishwa kwa mwenyewe.

Kuna tatizo moja. Sheria ya foleni, aliyoiandika Lorraine kwa mkono wake, inasema kwamba nje ya Uingereza daftari hushikwa na mwenyeji. Karani wa Utrecht atakuwa Femke, na kalamu nyekundu itakuwa kwake.

Lorraine ameshajipanga. Foleni nzima hatainuka, hata kwa dakika tano, na chai ya mtu hatakunywa, isije ikampeleka chooni. Anataka namba moja iliyo safi, mbele ya meza, na Clive akitafuta jina safari hii awe analo tayari. Akikumbushwa kwamba yeye na karani watakuwa wametoka nyumba moja, anaitia pasipoti mfukoni na kuchukua kiazi kingine.

"Nyumba moja, mlango mmoja," anasema. "Ndiyo maana nitalala nimevaa viatu."