Mpishi Aliyenipokea Jikoni Kuresoi

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi sinywi pombe, siku hiyo sikuwa na homa, na jua lilikuwa limeshaanza kupasua ukungu. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, na hasira niliyoondoka nayo ningali nayo.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Nakuru hukai bila kazi. Askari wakikushika na kipande, kile cheti cha kazi, hakina sahihi ya mwajiri, unarudishwa kwenu Nyanza kama mzigo. Nilikuwa nimejibanza mtaa wa Bondeni kwa shemeji yangu Shadraki, mfanyakazi wa reli. Ndiye aliyesikia kwamba mzungu mmoja mwenye shamba huko Kuresoi anatafuta mpishi. Kupika nilijua vizuri. Nikapanda lori la viazi, nikafika asubuhi.

Mtu mweusi hakupita mlango wa mbele, kwa hiyo nikazunguka hadi jikoni, kibanda cha mawe nyuma ya nyumba. Ndani aliketi mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu. Akanisalimu kwa lugha ya kwetu. Akaniambia anaitwa Ezekieli, na kijiji chake kiko ng'ambo tu ya mto wetu. Niliona haya. Nikamwambia nimesikia nafasi iko wazi, sikujua kuna mtu.

"Iko wazi, ndugu yangu," akasema. "Keti nikufundishe."

Akanifundisha. Mayai ya memsabu, mke wa bwana, hutiwa haradali kidogo, mapishi aliyoyabuni Ezekieli mwenyewe. Supu ya bwana haitiwi kitunguu. Na bwana akiwa amelewa, usimpe mgongo. Aliyasema hayo polepole, kama unavyomwelekeza mdogo wako. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Ila nilipoegemea jiko nikaona ni baridi, limejaa majivu ya zamani. Halafu akasimama, na kanzu yake ilikuwa ikichuruzika maji toka mabegani hadi chini, lakini sakafu pale alipokanyaga ilikuwa kavu.

"Watakwambia nimekwenda kwetu," akasema. "Sijatoka hapa. Niko ndani ya tangi la maji la nyumba hii."

Memsabu aliita kutoka barazani, nikageuka kuitika, na nilipotazama tena hakukuwa na mtu.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Uende wapi bila kazi? Nikaenda nikasimama mbele yao, kofia mkononi, wao wameketi wanakunywa chai waliyojichemshia ndani kwa stovu. Bwana akauliza nimewapikia wazungu gani. Akauliza kama nimekula kiapo cha Mau Mau. Akauliza kama mimi ni mwizi, kana kwamba kuna mtu atakayejibu ndiyo. Memsabu akaniamuru nikamkaangie mayai. Nikawasha moto, nikapika, nikatia haradali.

Alionja mara moja, akaweka uma chini. Akataka kujua nani amenifundisha. Nikajibu kwamba ni mpishi wao.

Bwana akacheka. Akasema Ezekieli alikuwa mwizi, alitoroka, sasa yuko rizavu kwao anakunywa pombe ya busaa, na sisi sote ni hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mtu amenikabidhi kazi yake kwa upole namna ile, halafu aitwe mwizi?

"Hajatoroka, bwana," nikasema. "Anasema yuko ndani ya tangi."

Memsabu hakupiga kelele. Alikitazama tu kikombe chake cha chai, akakisukuma mbali. Bwana akainuka kuingia ndani, nami nikajua anafuata bunduki. Nikaruka ukuta wa baraza, nikatimua mbio katikati ya shamba la pareto.

Polisi nilikwenda. Inspekta akauliza shahidi wangu ni nani. Nikamwambia ni marehemu mwenyewe. Nikalazwa ndani kwa kueneza uvumi, kisha nikatiwa kwenye treni ya kurudi kwetu. Hakuna aliyetumwa kulifungua lile tangi. Bwana yule alikaa shambani mpaka wazungu walipoanza kuuza mashamba, akaenda kwao salama na masanduku yake.

Kwetu nilivuka mto nikamtafuta mke wa Ezekieli. Watu walikuwa wamemwambia mumewe ameoa mwingine Nakuru, naye akaamini, hata akawakataza watoto kumtaja baba yao. Nilipomaliza kusimulia aliinuka.

"Nimemtukana mume wangu bure," akasema. Kisha akatoka kwenda kuwaita watoto.

Basi wewe unayetafuta kazi, sikiliza. Ukiambiwa nafasi iko wazi, uliza aliyekuwa nayo yuko wapi. Wakikujibu kwa kumtukana, ondoka ungali na miguu. Na ukimkuta mwenyewe anakusubiri, maji yanamtiririka, usimwogope. Keti umsikilize mpaka mwisho, maana huko barazani hakuna atakayekuambia ukweli.