Kifungo cha Mkono wa Kulia

Mjane alikuwa fundi cherehani, na fundi haamini nguo kabla hajaipindua akaona upande wa ndani. Kwa hiyo wakili wa kiwanda alipomwekea mezani ovaroli aliyokufa nayo mumewe, hakulia. Aliipindua.

"Pole sana, mama," wakili alisema kwa sauti ya asali. "Ila marehemu alifanya kazi mkono wa kulia ukiwa wazi, hauna kifungo, mashine ikaunasa. Huo ni uzembe wake. Fidia hakuna."

Kando yake, mdogo wa marehemu, msimamizi wa zamu pale pale kiwandani, aliinamisha kichwa kwa huzuni iliyopigwa pasi. "Tia sahihi, shemeji, yaishe. Yaliyopita si ndwele."

Si ndwele! Na kaburi bado bichi!

Mjane akausogeza mkono wa ovaroli kwenye mwanga wa dirisha. Kifungo kile alikishona mwenyewe asubuhi ya siku ile ile ya ajali, kwa uzi wa viatu. Uzi ukinyofolewa na mashine huacha ndevu. Huu ulikuwa umenyolewa safi, kwa mkasi.

"Nguo hii nani aliichukua mochwari?"

Wakili akafunua faili. "Huyu huyu shemeji yako. Ndiye aliyetuletea."

Shemeji ghafla akaona kiatu chake kina vumbi.

"Mimi nilikuja kudai fidia tu," mjane alisema, ameikumbatia ovaroli kifuani. "Kumbe kuna kifungo kimepotea. Nitakitafuta mpaka mahakamani, shemeji, na kitakupata wewe."