Jina Lililobaki Kwenye Saruji

Mwezi wa Agosti 1986, Mumbua aligonga ukuta wa chumba chake kwa kifundo cha kidole, ukaitikia kama debe tupu. Akagonga chini zaidi, karibu na sakafu. Hapo haukuitika kabisa. Alipoingiza kidole kwenye ufa, kilitoka na udongo chepechepe, na mvua za masika zilikuwa zimekwisha zamani.

Nyumba hiyo ya udongo, kijijini Adu, aliikandika yeye na marehemu mumewe mwaka wa 1960, walipohamia kutoka Ukambani na majembe mawili. Majirani Wagiriama ndio waliowafundisha kufunga fito na kujaza udongo. Ilisimama miaka ishirini na minne. Kila Agosti, Mumbua na mwanawe Laban walikanyaga udongo pamoja, wakaziba pale mvua ilipomega. Hata alipopata kazi kwenye kiwanda cha maziwa huko Mariakani, Laban hakukosa Agosti yake.

Kisha ikaja Krismasi ya 1984. Laban aliteremka kwenye lori na mifuko ya saruji, akamwita jirani yao Kitsao, fundi, wakaipiga plasta nyumba nzima ndani na nje. Kabla haijakauka, Laban alichora kwa msumari kando ya mlango: MAMA LABAN 1984. "Sasa mama, hutakandika tena," akasema. Mumbua alilia kwa furaha mbele za watu, na asitokee mtu akakwambia hakuipenda. Agosti iliyofuata Laban hakuja. Aje kufanya nini?

Sasa kona ya nyuma ilikuwa imetoa tumbo. Maji yaliyopanda kutoka ardhini yalikosa njia ya kutokea, na nyuma ya saruji mchwa walijilia fito bila kuonwa na mtu. Paa lilikuwa juu ya fito hizo, na vuli ilibakisha miezi miwili.

"Mama Laban, tuzibe nyufa kwa saruji tu, tena nzito," Kitsao alishauri.

"Mtu anatoka jasho ndani ya koti la mvua, nawe wataka kumvika la pili?"

"Na mwanao je? Utambomolea zawadi yake?"

"Nitaibomoa," alijibu. Lakini swali lile lilimchoma, akageuka asije Kitsao akamwona uso.

Kesho yake alishika nyundo na tindo. Alibandua saruji kipande kwa kipande, akachomoa fito zilizoliwa, akafunga mpya. Halafu akakosea, na kosa likawa lake mwenyewe. Kwa haraka zake alichota udongo mweusi wa bondeni, kwa kuwa ulikuwa laini na karibu. Siku ya tatu ulipasuka wote, ukaanguka kwa mabamba. Mumbua alijitukana kwa Kikamba, matusi ya kutosha mtaa mzima.

Alipotulia aliokota bonge la ukuta wa zamani, akalivunja kiganjani na kulitazama. Mchanga ulikuwa mwingi, udongo mwekundu, na vipande vya nyasi. Udongo huo ulitoka kwenye shimo la nyuma ya nyumba, ambalo sasa lilikuwa limemezwa na majani. Akalifyeka. Ule ulioanguka ukutani akauponda, akachambua kila chembe ya saruji, akauchanganya na wa shimoni, nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Akauloweka siku nne. Alianika vibonge vitatu juani, kila kimoja na mchanganyiko wake, akachagua ule ambao haukupasuka. Ndipo akalowesha ukuta wa zamani na kuanza kukandika, tabaka jembamba juu ya jingine, bila haraka tena.

Habari zilifika Mariakani kabla hajamaliza. Jumamosi moja Laban akasimama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alizunguka nyumba, akarudi. "Watu wasema umeikataa nyumba yangu."

Mumbua hakubishana. Alimpa ufito mmoja wa zamani. Laban aliufinya, ukawa unga mkononi mwake.

"Huo ndio uliobeba paa juu ya kichwa changu nikilala," akasema mama yake.

Laban alipangusa mikono kwenye suruali. Kisha macho yake yakaona kipande kimoja cha saruji kilichobaki kando ya mlango, chenye jina. "Na hiki mbona hukukitoa?"

"Mkono ulikataa."

Laban alikigonga. Kilikuwa kitupu nyuma kama vingine. Akachukua tindo mwenyewe, akakikata pole pole hadi kikatoka kizima, akakilaza nje pale matone ya paa hudondokea, ili yasichimbe ardhi. Halafu akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye udongo na kuanza kukanyaga.

Jioni pengo la kando ya mlango lilikuwa limejaa. Mumbua alilisawazisha kwa kiganja. "Andika jina tena," akasema.

"Kwenye udongo, mama? Mvua za mwakani zitalifuta."

"Najua," alisema Mumbua. "Utakuja kuliandika upya."