Mikwaruzo Miwili ya Gari la Mwalimu

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa breki katika gereji moja ya Eldoret. Picha ya Rais ilitundikwa juu ya meza ya spana, na wateja wetu wengi walileta pikapu na trekta za mahindi. Gari la spoti lilikuwa moja tu: jekundu, la milango miwili, mali ya mwalimu mmoja aliyelirithi kwa marehemu mumewe.

Asubuhi moja alilileta breki zikilia. "Fundi, nakuachia," aliniambia. "Tafadhali usiende nayo mbali."

Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza. Kujaribu breki kulitaka nizunguke gereji mara moja tu. Mimi nikanyoosha mpaka mtaa wa Huruma, nilikopanga chumba, majirani wanione. Waliniona. Nilikuwa nampungia mama muuza mboga mkono nilipokata kona ya kichochoro, na ubavu wa gari ukasaga nguzo ya lango.

Rangi haikuguswa. Kilichoumia ni ule ukanda wa plastiki nyeusi chini ya mlango, usiopakwa rangi, wenye vipele vidogo kama ganda la chungwa. Mkwaruzo ulikuwa mrefu kama mkono wangu, na umegeuka kijivu.

Bati unaweza kuliziba na kulipulizia rangi. Plastiki tupu ukiipaka, kila mtu anajua umeipaka. Wenzangu walipokwenda kula, nilijificha nyuma ya gereji. Nikachonga vinyuzi vilivyosimama kwa wembe, nikalainisha kwa msasa na maji. Nikapasha kijiko moto kwenye jiko la chai, nikakipitisha taratibu mpaka plastiki ikalegea na weusi wake ukarudi, kisha nikaigandamiza kwa kipande cha jinzi ili ishike vipele. Mwisho nikaisugua kwa rangi ya viatu.

Karibu na gurudumu la nyuma palikuwa na mkwaruzo mwingine, wa zamani, umejaa vumbi. Nikajiambia nikiuondoa na huo, nitakuwa nimefidia kosa langu. Nikauondoa.

Mwalimu alikuja saa kumi. Alilizunguka gari, akachuchumaa karibu na gurudumu.

"Fundi, hapa palikuwa na alama."

"Nimeitoa, Mwalimu. Nimekusaidia tu."

Alipapasa pale kwa kidole. "Hiyo niliweka mimi, siku marehemu mzee wangu alikuwa ananifundisha kuendesha. Nilidhani atanigombeza. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Akakataa kabisa itengenezwe." Akasimama, akakung'uta sketi. "Lakini wewe hungejua. Asante."

Ile asante ilinichoma. Angenitukana ningelala usingizi.

Nilivumilia wiki moja. Jumamosi nikaenda kwake, upande wa Kesses. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Akanipa kigoda, akataka kuniletea chai. Nikamwambia angoje kwanza, kisha nikamweleza yote: Huruma, nguzo, kijiko, na kwa nini niligusa ile alama yake.

Mwalimu akaenda kwenye gari, akaniita.

"Nionyeshe mahali uligonga."

Nikamwonyesha. Aliinama, akatazama sana, akageuza uso kulia na kushoto.

"Sioni kitu," akasema. "Wewe ni fundi mzuri. Ungeniambia siku ile, ningekasirika juu ya plastiki, na ingeisha."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Lakini hii gari hutaishika tena."

Aliniletea chai hata hivyo, na nikainywa yote kwa sababu sikujua namna ya kukataa.

Tangu siku hiyo alikuwa akija gereji na kumwita mwenzangu. Wenzangu waliuliza nimemkosea nini, nikasema sijui. Nikikutana naye sokoni alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mke wangu na watoto, nami nilimjibu huku nikichagua nyanya nisizozihitaji.