Waliniomba Salamu Tu

Mie sijazaliwa niwe pambo la mtu. Ndiyo maana mwenyekiti wa chama chetu aliponipigia simu, nilimsikiliza huku meno nimeyauma. Chama chenyewe ni cha watafiti wa maji ya ardhini, wanachama wametapakaa dunia nzima, na mkutano wa mwaka ule ulikuwa wa mtandaoni. Akaniambia kwa upole kwamba safari hii wanataka ionekane kuwa chama ni cha mataifa yote. Je, ningependa kufungua mkutano kwa salamu za Kiafrika, dakika tano tu, nikiwa nimevaa kitenge?

Nikamuuliza kuhusu utafiti wangu, wa visima vya mtaani kwetu Boko, huku pwani, vinavyoingiwa na chumvi ya bahari. Akasema umewekwa kwenye ukurasa wa mabango, pale pa tafiti zisizopewa muda wa kuzungumzwa, anayetaka atausoma. Thubutu! Nani anafungua ukurasa ule? Na siku hiyohiyo wangepiga kura mradi wa pamoja wa kupima visima vya pwani upelekwe wapi. Waliopangwa kuzungumzia pwani zetu ni mabwana watatu ambao hawajawahi kuteka hata ndoo moja huku.

Mama yangu mzazi, ninayeishi naye hapa Boko, ana presha. Daktari kamkataza chumvi, naye katii, mboga anazila zimepooza mpaka unamwonea huruma. Kisha anachemsha chai kwa maji ya kisima chetu, na chai inakuwa na chumvi kuliko mchuzi. Majirani nao hivyohivyo. Bomba la mtaani lipo, ila huwaga lina mapozi, linatoa maji likijisikia.

Basi nikakubali salamu. Nikavaa kitenge changu, nikakaa sebuleni mbele ya kompyuta.

Sie watu wa pwani salamu hatuifupishi. Ukiniuliza habari za nyumbani, sikwambii nzuri nikapita. Nzuri ni ya kuanzia. Utaniuliza watoto, utaniuliza mgonjwa, nami nitakueleza, maana umeuliza ili ujue. Nikawafafanulia hayo, kisha nikajisalimia mwenyewe na kujijibu. Nyumbani hatujambo, ila mama ana presha. Anaendeleaje? Daktari kamkataza chumvi, na chumvi imo kisimani. Imefikaje kisimani? Hapo nikafungua michoro yangu, kisima kwa kisima, kuanzia ufukweni mpaka barabara ya Bagamoyo.

Mwenyekiti akaanza kukohoa. Akasema muda umekwisha, anamshukuru dada yetu kwa salamu nzuri. Kunyamaza sikunyamaza.

"Sijamaliza," nikamwambia. "Mmeniomba salamu, nami nasalimia kama tunavyosalimiana kwetu. Habari za mgonjwa hazijaisha."

Mtu aliyefuata kwenye ratiba alikuwa mtafiti wa Bangladeshi, mama wa makamo ambaye tulikuwa tukiandikiana tu barua pepe za vipimo. Akawasha kipaza sauti, akasema dakika zake nipewe mie. Halafu akauliza taratibu, "Na majirani, dada, wao wanaendeleaje?"

Jamani, nilitaka kulia. Nikamjibu kwa michoro iliyobaki, kisha nami nikamuuliza habari za kwao. Kwao visima ni vilevile, na kina mama wajawazito wanaugua. Mtafiti mmoja Msenegali akadakia na ya kwake. Mwenyekiti akabaki kusikiliza, na kwa kweli nilifurahi kumwona hivyo.

Kura zilipohesabiwa, mradi ukapelekwa pwani mbili, yetu na ya Bangladeshi. Mwenyekiti akausifu sana ushirikiano wetu. Akaongeza, kama jambo lisilo na mjadala, kwamba vifaa vitafungwa huku na takwimu zote zitatumwa makao makuu, wataalamu wazichambue.

Nikawasha tena sauti. "Vifaa tunavikaribisha," nikasema. "Lakini takwimu za Boko zitachambuliwa hapahapa, na za Bangladeshi kwao. Nyie tutawaeleza tulichokiona. Asiyeafiki anyooshe mkono, tupige kura nyingine sasa hivi."

Nikapitisha macho kwenye nyuso zote pale kwenye kioo, wa mwenyekiti nikauacha mwisho. Hakuna aliyenyoosha.